Sura ya Tano: Kazi Iko Bondeni

Wadi ya Birongo, katika eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, haina sura ya mahali palipoharibika. Hakuna makorongo ya kupigwa picha, hakuna visiki vya msitu uliochomwa, hakuna vumbi. Kuna migomba, chai, mahindi, nepia na mikaratusi, na mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka huhakikisha kwamba kile ambacho mkulima hakukiotesha kitaota chenyewe. Ukihesabu rangi ya kijani kwenye picha ya setilaiti, Birongo itafaulu mtihani ambao sehemu kubwa ya Kenya huufeli. Ndiyo maana panafaa kuulizia swali ambalo vitabu vya fani hii hulipita haraka: mwanasayansi mwandamizi wa urejeshaji wa mazingira ana kazi gani mahali ambapo hakuna kinachoonekana kimevunjika? Jibu ninalolitetea katika sura hii ni kwamba kazi yake ya kwanza, na ngumu kuliko zote zinazofuata, ni kuamua uharibifu uko wapi na ni kipimo gani kitakachomhukumu yeye mwenyewe. Katika milima ya Gusii uharibifu uko chini bondeni, penye chemchemi na vinamasi, na kipimo chake ni maji na udongo. Idadi ya miche iliyopandwa haimo.

Tuanze na shabaha zinazotoka juu, kwa kuwa ndizo zinazolipa mishahara. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ijitahidi kufikia na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Chini ya mpango wa Afrika unaoitwa AFR100, Kenya iliahidi kurejesha hekta milioni 5.1 kufikia 2030. Desemba 2022 ukazinduliwa mpango wa kuotesha miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 nchi nzima ikapewa likizo ili watu wakapande miti. Shabaha za namna hii zina maana kwenye kingo za msitu wa Mau zilizokatwa. Zikifika Birongo hubadilika tabia. Mche ulio rahisi kuotesha, rahisi kuuza na rahisi kuhesabu ni mkaratusi, na nafasi pekee ambayo haijagombewa na mahindi au chai ni ukingo wa kijito. Ofisa anayetafuta kutimiza hesabu yake na mkulima anayetafuta mti utakaovunwa kabla mtoto hajamaliza shule hukutana bondeni bila kupanga. Kila mmoja amefanya la busara kwa upande wake, na hasara ya busara hizo mbili humwangukia mtu wa tatu anayechota maji chini zaidi.

Kwa nini bonde ndilo lililobeba mzigo? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, karibu watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, na 605,576 katika kaunti jirani ya Nyamira. Huo ni msongamano wa mji, ila watu hawa wanaishi kwa jembe. Nchi yenyewe ni migongo na mabonde yaliyopangana, na shamba la Mgusii hushuka kama ukanda kutoka mgongoni hadi majini: nyumba juu karibu na barabara, kisha chai au kahawa na migomba, kisha mahindi, kisha nepia ya ng'ombe, na chini kabisa mikaratusi, nduma, au shimo la kufyatulia matofali. Urithi huukata ukanda huo kwa urefu, ili kila mwana apate mlango wa barabara na mlango wa maji. Ni mgao wa haki, lakini kizazi baada ya kizazi vipande vinazidi kuwa vyembamba, na ukingo mmoja wa kijito huishia kuwa na wenyewe wengi kuliko mtaa wa mjini. Tuchukulie kila ukanda una upana wa mita 20. Kilomita moja ya kijito, kushoto na kulia, itakuwa na familia 100. Mwanasayansi anayesema "tutarejesha kilomita tatu za ukingo" ametamka, pengine bila kujua, kwamba ataomba ruhusa kwa familia 300.

Mkaratusi nao haukufika bondeni kwa bahati. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za gari la moshi, na tangu hapo umekuwa mti wa tanuri. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo, kuanzia Kiamokama na Nyankoba hadi Kebirigo, Sanganyi na Tombe, hukausha majani kwa mvuke unaopatikana kwa kuchoma kuni, na matofali yanayofyatuliwa kutokana na udongo wa mfinyanzi wa mabondeni huchomwa kwa kuni hizohizo. Kuna sababu nyingine ambayo wakulima wanaijua vizuri na maofisa husahau kuiandika: mkaratusi unakausha. Familia iliyorithi kipande chenye mafunjo na matete, kisichofaa kwa mahindi, iligundua kwamba mistari michache ya mikaratusi na mfereji mmoja vinaweza kugeuza kinamasi kuwa shamba. Mti huo ulifanya kazi ya pampu isiyohitaji mafuta. Tusije basi kudai leo kwamba mkulima hakujua mkaratusi unakunywa maji. Kwa wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake.

Ushahidi wa udongo ndio wenye nguvu zaidi, na bahati nzuri Kisii ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambayo udongo wake umechunguzwa kwa makini. Katika miaka ya 1970 wataalamu kutoka Wageningen, Uholanzi, walifanya kazi hapa, na ramani na maelezo yao ya udongo wa Kisii yakachapishwa mwaka 1982. Mwaka 1993 Eric Smaling na wenzake walitoa hesabu ambayo bado inanukuliwa kila panapozungumzwa rutuba ya Afrika: wilaya ya Kisii ya wakati huo ilikuwa ikipoteza, kwa wastani, kilo 112 za nitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 70 za potasiamu kwa kila hekta kila mwaka. Kilo 112 za nitrojeni ni karibu mifuko mitano ya yurea ya kilo 50. Kwa maneno mengine, kila hekta ilihitaji mifuko mitano ya yurea kila mwaka ili ibaki pale pale ilipokuwa jana, kabla ya kufikiria kuboreka, na hakuna aliyekuwa akiitia kiasi hicho. Rutuba iliondoka kwa njia tatu kubwa: katika mavuno yanayobebwa, katika udongo unaochukuliwa na maji ya mvua, na katika chumvi zinazozama chini ya mizizi. Pareto ilikuwa katika hali mbaya sana. Chai, inayofunika udongo mwaka mzima na kupewa mbolea kwa mkopo wa kiwanda, ilipoteza kidogo kuliko mazao mengine. Na haya yote yalitokea katika nchi iliyokuwa kijani kama ilivyo leo. Picha ya setilaiti haioni nitrojeni ikiondoka.

Hesabu hizo zilipata wapinzani, nao hawakuwa watu wa kupuuzwa. Walisema kwamba mmomonyoko na uzamaji wa chumvi havikupimwa shambani moja kwa moja. Vilikadiriwa kwa milinganyo. Walisema pia kwamba udongo unaotoka juu ya mteremko haupotei kwenye uso wa dunia: mwingi hutua chini, kwa hiyo ukihesabu kila shamba peke yake kisha ukajumlisha, unahesabu kama hasara kitu ambacho jirani wa chini amekipokea. Pingamizi hili la pili ni la kweli, na ndilo linaloipeleka hoja yangu bondeni. Kama udongo wa mteremkoni hutua chini, basi swali kubwa la urejeshaji katika Gusii ni kama kule chini pana kitu cha kuupokea. Kinamasi chenye mafunjo, ndago na matete hupunguza kasi ya maji, tope likatulia, na mimea ikanyonya sehemu ya nitrojeni na fosforasi. Kinamasi kilichochimbwa mfereji katikati na kupandwa mikaratusi, ambayo chini yake mara nyingi udongo hubaki wazi, hakipokei kitu; maji hupita moja kwa moja hadi mtoni. Hapo jirani wa chini si wa Birongo tena. Vijito vya nyanda hizi huingia mto Kuja, unaoitwa Gucha huku juu, na tope lake huishia kwenye tambarare za Nyatike katika Kaunti ya Migori, zinazofurika mara kwa mara, na hatimaye Ziwa Victoria. Upande wa pili wa milima, katika bonde la Sondu linalopakana na Nyamira, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba mito inayotoka kwenye mashamba ya wakulima wadogo hubeba mashapo mara kadhaa zaidi ya mito inayotoka msituni, huku ile ya mashamba makubwa ya chai ikiwa katikati. Tofauti kubwa ni mpangilio wa ardhi.

Kuhusu maji inabidi kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo wanaharakati na wakulima wa mikaratusi hutukanana bila kupima. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake walikusanya vipimo zaidi ya 600 kutoka sehemu nyingi za dunia na kukuta kwamba kupanda miti mahali palipokuwa na nyasi au vichaka kulipunguza mtiririko wa vijito kwa wastani wa milimita 227 kwa mwaka, yaani asilimia 52, na kwamba asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja. Mikaratusi ilipunguza zaidi ya misonobari. Anayeishia hapo atang'oa kila mkaratusi wa Kisii kabla ya jua kuzama. Lakini vipimo hivyo vingi vilitoka sehemu zenye mvua chache kuliko hapa, na vilihusu upandaji wa mabonde mazima. Tuna vipimo vya karibu zaidi, na ni aibu kidogo kwamba vinajulikana Ulaya kuliko Kisii. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Charles Pereira na wenzake wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki huko Muguga walichagua mabonde mawili jirani katika msitu wa Mau, karibu na Kericho. Moja, Lagan, liliachwa msitu. Katika jingine, Sambret, sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa ikapandwa chai. Mito yote miwili ilipimwa kwa miaka mingi, na matokeo ya jumla yakachapishwa mwaka 1979. Chai iliyokomaa ilitumia maji sawa na msitu au pungufu kidogo, na mto haukukauka. Hatari ilikuwa katika miaka ya mpito, udongo ulipokuwa wazi na mvua kubwa zikateremka kwa fujo, na hatari hiyo ilizuiliwa kwa makinga maji yaliyojengwa kwa uangalifu.

Somo la Kericho huwasumbua wanaopenda majibu mepesi. Halisemi kwamba msitu hauna thamani, wala kwamba chai ni msitu. Linasema kwamba kinachoamua hatima ya mto ni mahali mimea ilipo, namna udongo unavyofunikwa na njia ambayo maji ya mvua hulazimishwa kuifuata, kuliko jina la mmea. Ukilitafsiri kwa Birongo, linaleta hukumu isiyopendeza upande wowote. Mkaratusi uliopandwa katikati ya mteremko, mizizi yake mbali na maji ya chini, katika nchi yenye milimita 1,500 za mvua, si adui wa kutisha. Unaishi kwa mvua kama mimea mingine. Mkaratusi huohuo ukipandwa juu ya jicho la chemchemi au ndani ya kinamasi unakunywa hifadhi yenyewe, tena miezi ya kiangazi ambapo hifadhi hiyo ndiyo inayokilisha kijito. Mita 100 za mteremko zinaweza kutenganisha mti wa faida na mti wa hasara. Mwanasayansi asiyeweza kuitetea tofauti hiyo mbele ya baraza la chifu, huku upande mmoja ukitaka alaani mikaratusi yote na mwingine ukitaka aibariki yote, bado hajafika ngazi ya uandamizi, hata kama barua ya uteuzi inasema amefika.

Pingamizi la kwanza litakuwa la kisheria: kwa nini mjadala wote huu, wakati sheria ipo? Kweli ipo, na zaidi ya moja. Kanuni za kilimo za 1965 zilikataza kulima ndani ya mita 2 za kijito chembamba. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilitaja angalau mita 6, zikipanda hadi 30 kulingana na upana wa mto. Kanuni za mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, za 2009 zikaongeza ulinzi wa ardhi oevu na kingo. Mwaka huohuo wa 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na kwenye vyanzo vya maji. Mikaratusi ingali bondeni. Ni rahisi kusema watu ni wakaidi. Ni bora kupiga hesabu. Ukanda wa mita 20 kwa 100 ni mita za mraba 2,000, karibu nusu ekari, kiasi ambacho familia nyingi za Kisii zingekiona cha kawaida. Ukitenga mita 6 za ukingo, umeiomba familia hiyo asilimia 6 ya shamba. Ukitenga mita 30, umeiomba asilimia 30. Ombi la kwanza linazungumzika. La pili ni kufukuzwa kwa lugha ya adabu, na hakuna chifu atakayelitekeleza katika kata aliyozaliwa. Amri ya jumla isiyotofautisha maombi mawili hayo hufa yote, pamoja na sehemu yake iliyokuwa na haki. Isitoshe, mkaratusi uliokatwa huchipua kutoka kwenye kisiki. Agizo la kukata bila mpango wa miaka mitatu ya kushughulikia visiki ni agizo la kupogoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la tumbo. Mikaratusi ni ada ya shule na gharama ya hospitali iliyosimama wima shambani, na ina hoja ya kimazingira vilevile. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, marufuku iliyoendelea hadi Julai 2023, mbao, nguzo na kuni za nchi zilitoka mashambani. Hata kabla ya hapo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba miti ya kupandwa katika maeneo yenye rutuba ya Kenya ilikuwa ikiongezeka kwa kasi kuliko watu, kinyume cha utabiri wote wa wakati huo. Kila gogo la Gusii linaloingia kwenye boila ya kiwanda ni gogo ambalo halikutoka Mau. Nakubali yote haya, na ndiyo sababu mpango unaostahili kuungwa mkono ni wa kuhamisha, si wa kufuta: kuni za viwanda zipandwe juu mteremkoni, kwenye vipande vilivyochoka ambavyo mahindi yake hayarudishi hata bei ya mbegu, na bonde lirudishiwe maji. Mwenye ukanda hulipwa nini kwa miaka ambayo mti wake mpya haujakomaa? Katika bonde la Malewa, juu ya Ziwa Naivasha, wakulima wa juu wamewahi kulipwa kwa vocha kutoka kwa watumiaji wa maji wa chini ili wapande nyasi kwenye makinga maji na kuacha kingo. Nairobi ina mfuko wa maji wa Tana ya Juu tangu 2015. Kisii nayo ina wanunuzi wa huduma hii: kampuni ya maji ya mji, viwanda vya chai vinavyohitaji kuni na maji kwa pamoja, na kaunti ya Migori inayogharamika kila Kuja unapofurika. Sidai kwamba watalipa kwa furaha. Nadai kwamba bila takwimu za kijito mezani hakuna atakayelipa hata kwa huzuni, na kuzipata takwimu hizo ni kazi ya sayansi.

Kuna pingamizi la tatu, la wasomi, ambalo ningependa kulijadili kwa kirefu kuliko nafasi inavyoruhusu. Chama cha kimataifa cha fani hii kinaueleza urejeshaji kuwa ni kusaidia mfumo wa ikolojia ulioharibiwa upate kupona, na kupona hupimwa kwa kulinganisha na mfumo wa mfano, mahali panapoonyesha hali ambayo ingekuwapo. Birongo mfano uko wapi? Msitu wa mlimani uliofunika nyanda hizi ulikwisha kabla ya mtu yeyote kuuchora. Mabaki ya uoto wa asili yako kwenye vilele na majabali, kama huko Manga, na mimea ya jabali haiwezi kuwa kielelezo cha bonde. Wengine huhitimisha kwamba neno urejeshaji halina maana hapa, tuseme tu bustani. Hawaoni kwamba maji yana kumbukumbu ndefu kuliko miti. Udongo wa kinamasi, ukichimbwa kwa bomba la kuchukulia sampuli, huonyesha tabaka za mboji nyeusi, madoa ya kutu yanayoashiria kina ambacho maji yalipanda na kushuka, na chavua za mimea iliyokuwapo. Ramani za udongo za 1982 zinaonyesha mabonde yaliyokuwa yakitoa maji kwa shida. Vinamasi vilivyobaki Nyamira, kama Sironga na Kianginda, vina majeraha yao lakini bado vina mafunjo. Kwa hiyo mfano hautafutwi katika orodha ya miti; unatafutwa katika kina cha maji mwezi kwa mwezi. Maji yakirudi kwenye kina chake, ndago na matete hurudi bila kuombwa. Yasiporudi, hakuna kitalu kitakachosaidia.

Ni lazima pia kuwaambia watu ukweli kuhusu kiwango cha kupona. Mwaka 2012 David Moreno-Mateos na wenzake walilinganisha ardhi oevu 621 zilizorejeshwa au kutengenezwa duniani na zile ambazo hazikuguswa. Hata baada ya karne moja, muundo wa viumbe wake ulikuwa pungufu kwa asilimia 26 na kazi zake za kikemia pungufu kwa asilimia 23. Ardhi oevu kubwa na zilizo kwenye joto zilipona haraka zaidi kuliko ndogo na zilizo kwenye baridi. Vinamasi vya Gusii ni vidogo, na viko juu. Mwanasayansi anayeahidi kwamba korongo taji, ndege ambaye tangu 2012 yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, atajenga kiota kwenye kinamasi kilichorejeshwa ndani ya mradi wa miaka mitatu anauza kitu asicho nacho. Takwimu hizo zina jambo jingine: kinamasi ambacho bado hakijachimbwa mfereji kina thamani kuliko viwili vitakavyorejeshwa. Hiyo ina maana kwamba sehemu ya fedha za urejeshaji inapaswa kwenda mahali ambapo hakuna cha kurejesha, jambo gumu kuliandika katika ombi la fedha.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi linalonigusa kitaaluma: kwa nini haya yote yahitaji mwanasayansi mwandamizi? Wazee wa ukoo wanajua chemchemi ipi ilikauka na lini. Ofisa wa kilimo anajua nani ana mikaratusi. Wagusii walikuwa na risaga, kazi ya pamoja ya majirani wa mgongo mmoja, ambayo ingeweza kusafisha ukingo kwa siku moja bila fedha za mfadhili. Yote ni kweli, na mradi unaoanza bila wazee hawa hupoteza mwaka wake wa kwanza ukigundua wanachokijua. Lakini kuna jambo moja ambalo ujuzi huo hauwezi kulifanya, nalo ni kutenganisha sababu. Chemchemi ilikauka mikaratusi ilipokua. Wakati huohuo watu waliongezeka, paa za mabati zikaongezeka, njia zikakanyagwa hadi zikawa mifereji, na mvua ikabadilika. Kila mzee ana sababu yake na kila sababu ina ukweli ndani yake. Ili kujua ipi ina uzito gani, inabidi kufanya alichofanya Pereira Kericho: kuchagua vijito viwili vinavyofanana, kuvijengea vizuizi vya kupimia vyenye mkato wa herufi V, kuweka vipimamvua juu na chini, kupima maji na tope kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kugusa chochote, kisha kurejesha kimoja na kukiacha cha pili kilivyo. Kukiacha kilivyo ndiko kunakohitaji uandamizi. Mwanasayansi kijana hawezi kumwambia gavana kwamba kijito hiki hakitapandwa kitu, wala kumwambia mfadhili kwamba miaka mitatu ya kwanza haitakuwa na picha za watoto wakishika miche. Kusema hapana kwa watu hao wawili, na kubaki kazini kesho yake, ni ujuzi usiofundishwa katika shahada yoyote.

Jinsi ngazi za utafiti zilivyopangwa inalifanya hilo kuwa gumu zaidi. Mtu hupanda kwa machapisho na kwa fedha alizoleta, na vyote viwili huzawadia mradi mfupi. Kijito cha Birongo kinahitaji miaka mitatu ya kupima, miwili ya kuhamisha miti na kuziba mifereji, na angalau mitano ya kungoja, na katika muda huo mwanasayansi mwenye akili ya kawaida atakuwa amehamia kwenye mradi mwingine. Suluhisho ninaloliona ni kuviondoa vipimo mikononi mwake. Vizuizi na vipimamvua viwe mali ya chama cha watumiaji wa maji cha kijito hicho, visomwe na watu wanaoishi kando yake kwa malipo ya kila mwezi, na nakala za daftari zikae katika sehemu mbili zisizotegemea mradi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kisii na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Kazi ya mwandamizi itakuwa kubuni jaribio, kukagua makosa ya vipimo, kuwafunza wanaosoma, na kutia saini mapema karatasi inayosema ni matokeo gani yatakayomwangusha. Yangu naweza kuyataja sasa. Ikiwa miaka mitano baada ya mikaratusi kuondolewa na mifereji kuzibwa kijito hicho hakitiririki zaidi Januari na Februari kuliko mwenzake, na tope lake halijapungua katika mvua za Aprili, basi hoja ya sura hii haina miguu, na mkulima arudishiwe ukingo wake. Fedha zikiwa chache, kama zitakavyokuwa, zitangulie kwenye vipimo vya kijito ambacho hakitarejeshwa. Hicho ndicho ambacho hakuna mfadhili atakayeomba kukitembelea wala mwanasiasa atakayekizindua, na kisipopimwa tangu mwanzo hakiwezi kupimwa baadaye.